Zege Halilali: Kamera, Makanisa ya Usasa na Maneno ya Mafundi, kutoka Mkunazini hadi Lituhi

1. Utangulizi

Lituhi iko katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, karibu na mahali ambapo Mto Ruhuhu unaingia ziwani. Kiutawala eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Kikanisa ni parokia ya Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986, na chimbuko lake ni kazi ya wamisionari Wabenediktini wa Peramiho. Mpiga picha anayefika hapo kwa nia ya kupiga picha ya jengo la ibada hukabiliwa kwanza na tatizo la mwanga. Ziwa liko upande wa magharibi. Kwa hiyo asubuhi kuta zinazotazama maji huwa kivulini, na alasiri huangazwa mara mbili: na jua lenyewe, na mng'ao unaorudishwa na maji. Aidha, kwa kuwa Lituhi iko takriban nyuzi kumi na nusu kusini mwa Ikweta, mwezi Februari na mwezi Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini, na ukuta hukosa kivuli cha kuonyesha umbo lake.

Tatizo la mwanga lina ufumbuzi, nao ni kusubiri. Lipo tatizo la pili ambalo kusubiri hulizidisha badala ya kulimaliza: maneno yatakayoandikwa chini ya picha. Mhadhara huu unahusu tatizo hilo la pili. Hoja yake kuu ni kwamba picha ya kanisa la usasa, hata ikipigwa kwa ustadi mkubwa, huhifadhi nusu tu ya historia ya jengo. Nusu ya pili imo katika lugha: majina ya sehemu za jengo, masimulizi ya waliolijenga, na sababu za umbo lake. Katika Afrika ya Mashariki sehemu kubwa ya nusu hiyo imo katika Kiswahili, na haijaandikwa. Neno "usasa" linatumika hapa kwa maana ya mkondo wa usanifu wa karne ya 20 ulioacha mapambo ya zamani na kuiacha saruji, chuma na kioo vionekane kama vilivyo.

2. Mwambao wa Nyasa kabla ya zege

Ili kuelewa mabadiliko yaliyoletwa na usasa, hapana budi kutazama kwanza majengo yaliyoutangulia katika eneo hili. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, iliweka makao yake katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na kutoka huko meli yake ilizunguka vijiji vya mwambao. William Percival Johnson, aliyelitumikia ziwa hilo kwa miongo mingi, alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, kusini mwa Lituhi. Kanisa kuu la Likoma, lililowekewa msingi mwaka 1903 na kuwekwa wakfu mwaka 1911, lilijengwa kwa mawe na matofali kwa kufuata mitindo ya Ulaya ya kale.

Upande wa bara, Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni hiyo ilichomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji, ikajengwa upya, na ikawa abasia mwaka 1931. Kanisa kubwa la abasia, lililojengwa kati ya mwaka 1943 na 1948, linafuata mtindo wa Kirumi wa zama za kati: matao ya nusu duara, kuta nene na minara. Kwa mwangalizi aliyeyazoea makanisa ya Ulaya, jengo la namna hii hujieleza lenyewe. Tao lake na mnara wake vina historia iliyokwisha kuandikwa mara nyingi.

Picha za majengo hayo zilipigwa tangu mapema, na wasomaji wake wakuu walikuwa wafadhili wa misheni waliokuwa Ulaya. Kwa sababu hiyo maelezo yake yaliandikwa kwa Kiingereza au kwa Kijerumani. Jina la askofu au padri lilitajwa. Waashi waliosimama juu ya jukwaa mara nyingi walitajwa kwa jumla tu, kama "wenyeji". Mazoea hayo ya kuandika yaliendelea hata mitindo ya majengo ilipobadilika.

Likoma yenyewe inatoa mfano wa kile ambacho kamera haiwezi kukinasa. Inaelezwa kwamba kanisa hilo kuu lilijengwa mahali palipoitwa Chipyela, ambapo watu waliotuhumiwa kwa uchawi walikuwa wakichomwa moto. Picha ya altare ya Likoma haionyeshi jambo hilo hata kidogo. Linaishi katika jina la mahali, na jina hilo likisahauliwa, picha itabaki kuwa picha ya mawe yaliyochongwa vizuri.

3. Zege linaingia kanisani

Wanahistoria wa usanifu huanza kwa kawaida habari za kanisa la zege na Ufaransa, ambako Auguste Perret alijenga Kanisa la Bikira Maria la Le Raincy mwaka 1922 hadi 1923 kwa zege lililoachwa bila kufunikwa. Hufuata Ujerumani, ambako vuguvugu la kuhuisha liturujia, lililokuwa na nguvu katika abasia ya Kibenediktini ya Maria Laach, lilitaka waumini waizunguke altare badala ya kuitazama kwa mbali. Rudolf Schwarz aliitikia wito huo kwa kanisa la Aachen la mwaka 1930, lenye kuta nyeupe tupu. Baadaye Le Corbusier alijenga kikanisa cha Ronchamp, kilichowekwa wakfu mwaka 1955.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kuanza mahali pengine, yaani Mkunazini, Zanzibar. Baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, UMCA ilianza kujenga hapo Kanisa Kuu la Kristo chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, mtu yule yule aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja. Umbo la kanisa hilo si la usasa, kwa kuwa lina madirisha yaliyochongoka na dalili za usanifu wa Kiarabu. Lakini paa lake ni tao moja refu la zege lililotengenezwa kwa matumbawe yaliyosagwa na kuchanganywa na saruji. Kwa hiyo, miongo kadhaa kabla ya Le Raincy, mafundi wa Unguja walikwisha kutandaza zege juu ya vichwa vya waumini.

Kuhusu kanisa hilo yapo masimulizi yanayojulikana na kila mwongoza watalii: kwamba Steere alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini. Nguzo hizo zimepigwa picha mara zisizohesabika. Mtazamaji asiyesimuliwa kitu angeweza kudhani kwamba msanifu alikusudia hivyo. Masimulizi yanamwondolea dhana hiyo, na hapo thamani yake huonekana. Lakini masimulizi nayo yanahitaji kuhojiwa. Askofu anatajwa kwa jina, ilhali mafundi hutajwa kwa kosa lao tu. Mafundi hao hao walijenga tao la zege ambalo limesimama tangu karne ya 19, na hakuna mzaha uliotungwa kuhusu ustadi huo. Maelezo ya picha yanaweza kuhifadhi ukweli, na yanaweza pia kuhifadhi dharau. Mwandishi wake anapaswa kujua anahifadhi kipi.

4. Makanisa ya miaka ya uhuru

Mabadiliko makubwa yalifika katika miaka ya 1960. Jijini Nairobi, Kanisa Kuu la Familia Takatifu lilijengwa kati ya mwaka 1960 na 1963 kwa usanifu wa Dorothy Hughes, mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya usanifu majengo katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake kuhusu liturujia. Kutokana na mageuzi yaliyofuata, altare ilisogezwa mbele, padri akawageukia waumini, na Kilatini kikaipisha lugha ya watu. Katika parokia nyingi za Tanzania lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Ni muhimu kulikazia jambo hili: mpango mpya wa jengo na lugha mpya ya ibada viliingia kanisani kwa wakati mmoja na kwa sababu moja.

Nchini Uganda, msanifu wa Uswisi Justus Dahinden alipewa kazi ya kujenga makanisa mawili ya hija. Lile la Mityana, la mwaka 1972, lina vipande vitatu vya tufe vinavyowakilisha mashahidi watatu wa eneo hilo. Lile la Namugongo, lililowekwa wakfu mwaka 1975, lina umbo la pia linalokumbusha nyumba ya jadi ya Waganda, na limezungukwa na nguzo 22, kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Jijini Dar es Salaam, Anthony Almeida, mzaliwa wa jiji hilo, alisanifu kikanisa cha pamoja cha Wakristo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mifano hii inaonyesha tofauti kati ya kanisa la usasa na kanisa la Peramiho au la Likoma. Tao la Kirumi lina maana iliyozoeleka. Nguzo 22 za Namugongo hazina mazoea hayo. Kamera inaweza kuzihesabu, lakini haiwezi kusema kwa nini si 20 au 24. Usasa uliyatupa mapambo yaliyokuwa yakisimulia habari ukutani. Kwa kufanya hivyo uliihamisha habari kutoka ukutani na kuiweka mdomoni mwa watu. Kadiri jengo linavyokuwa tupu, ndivyo linavyohitaji maneno.

5. Kamera na jengo tupu

Usasa na kamera vilikua pamoja. Albert Renger-Patzsch alipiga picha za kazi za Schwarz, na Lucien Hervé alifuatana na Le Corbusier tangu mwaka 1949 hadi msanifu huyo alipofariki mwaka 1965. Kutokana na kazi kama zao lilizaliwa pozi linalotambulika hadi leo: ukuta mkubwa, kivuli kikali, mistari iliyonyooka, na mara nyingi hakuna mtu.

Pozi hilo lina kanuni zake za kiufundi. Kamera ikiinuliwa kuelekea mnarani, mistari ya wima hukaribiana juu na mnara huonekana kama unaanguka nyuma. Kwa hiyo mpiga picha husogea mbali, hupanda mahali pa juu, au hutumia lenzi inayoweza kusogezwa bila kuinamisha kamera. Ndani ya jengo shida ni kubwa zaidi. Makanisa mengi ya usasa katika nchi za joto yana kuta za matofali ya saruji yenye matundu, yanayopitisha upepo na kuvunja makali ya jua. Jua la mwambao likipita humo, matundu huungua kwa weupe na mabenchi huzama gizani. Anayetaka vyote viwili vionekane hungoja wingu, au hupiga picha kadhaa zenye mwanga tofauti na kuziunganisha.

Ustadi huo unastahili heshima. Hata hivyo, utupu wa picha una gharama yake katika Afrika ya Mashariki. Huko Ulaya jengo lisilo na mtu katika picha lina mchoro wake kwenye kumbukumbu za msanifu, mkataba wake, na makala yake katika majarida. Huku, jengo la misheni mara nyingi lilichorwa na bruda, likasimamiwa na bruda huyo huyo, na likajengwa na waashi na maseremala waliofundishwa papo hapo. Watu wakiondolewa kwenye picha, mara nyingi hakuna mahali pengine pa kuwapata.

Mafundi wenyewe wana msemo unaofaa kukumbukwa hapa: zege halilali. Likishachanganywa, saruji, mchanga, kokoto na maji haviwezi kungoja kesho, hugandamana. Ndiyo maana siku ya kumwaga zege la paa ni siku ya watu wengi. Wengine huchanganya, wengine hupokezana makarai na ndoo, wengine wako juu wakisawazisha, na kazi huendelea hata usiku ukiingia. Msemo huo leo umetoka kwenye ujenzi na kutumika kwa jambo lolote lisilofaa kucheleweshwa. Picha ya kanisa la usasa hupigwa baada ya siku hiyo, wakati mbao zilizoshikilia zege zimekwisha kuondolewa. Wakati mwingine alama za mbao hizo hubaki ukutani, na kamera nzuri huzionyesha waziwazi. Anayejua msemo huziona alama hizo kama maandishi ya mikono ya watu. Asiyeujua huona mikwaruzo.

6. Msamiati wa jengo

Kiswahili hakina upungufu wa maneno kwa kazi hii. Neno "kanisa" lenyewe, pamoja na "mnara", "kuba" na "saruji", yaliingia kwa njia ya Kiarabu kabla ya usasa. "Mwashi" ni neno la Kibantu, kutokana na kitenzi cha kale "-aka", chenye maana ya kujenga kwa mawe. "Nondo" hutaja chuma cha ndani ya zege, ingawa neno hilo hutaja pia mdudu. "Picha" ni mgeni kutoka Kiingereza. Katika matumizi ya zamani "sanamu" liliweza kubeba maana hiyo pia.

Neno linalostahili kutazamwa zaidi ni "sanifu". Asili yake ya Kiarabu inahusu kupanga na kutunga. Kutokana nalo Kiswahili kimepata "usanifu majengo" kwa upande mmoja, na "Kiswahili sanifu" kwa upande mwingine. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, na ambayo kazi yake ilirithiwa mwaka 1964 na taasisi iliyojulikana baadaye kama TUKI, ilifanya kwa maneno kile msanifu anachofanya kwa kuta: kuchagua, kupanga, na kuacha mengine nje. Yaliyoachwa nje katika kazi zote mbili ndiyo yanayokosekana kwa urahisi katika kumbukumbu.

Mfano mmoja unatosha. Mkatoliki husema "altare". Katika makanisa mengine husikika "madhabahu", au "meza ya Bwana". Maneno haya si visawe tu. Kila moja lina teolojia yake kuhusu kinachotendeka pale. Katika kikanisa cha pamoja cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachotumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti, meza moja huweza kuitwa kwa majina zaidi ya moja siku moja. Picha huionyesha meza. Mwandishi wa maelezo akichagua neno moja bila kuuliza, amewafuta nusu ya wanaoitumia. Vivyo hivyo kwa mwambao wa Nyasa, ambako mapokeo ya Kianglikana na ya Kikatoliki yamekaa jirani kwa zaidi ya karne moja: neno la Liuli si lazima liwe neno la Lituhi.

7. Kwa nini jambo hili ni la haraka

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, huyapa ulinzi wa moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mengine huhitaji tangazo maalumu. Kanisa lililojengwa mwaka 1963 limechelewa kwa miaka mia moja. Wala waumini hawapaswi kulaumiwa wanapolipanua jengo lisilowatosha tena, wanapoziba matundu ili mvua isiingie, au wanapolipaka rangi zege lililokusudiwa kuonekana. Kanisa ni la watu wanaosali ndani yake kabla ya kuwa la wanahistoria. Lakini kila badiliko la namna hiyo huifanya picha ya awali kuwa shahidi wa pekee.

Ulinzi wa kisheria nao hauzuii kila hasara. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib huko Zanzibar iliporomoka, ingawa ilikuwa katika eneo la urithi wa dunia. Jengo hilo lilikuwa na bahati ya kupigwa picha na kuandikwa kwa zaidi ya karne moja. Parokia za mwambao wa Nyasa hazina akiba hiyo.

Zaidi ya majengo, wapo watu. Kijana aliyebeba karai la zege mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 20 alifikisha miaka 80 mwaka 2025. Anajua nani alipanga mbao, mchanga ulitoka upande gani wa mto, kokoto zilipondwa na nani, na sehemu ile ya ukuta iliitwaje na mafundi. Picha inaweza kupigwa tena mwakani. Mahojiano hayo huenda yasiwezekane.

8. Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba upigaji picha wa makanisa ya usasa si kazi ya wapiga picha na wasanifu peke yao. Ni kazi ya wanaisimu na wanafunzi wa Kiswahili pia, kwa kuwa jengo lisilo na mapambo huitegemea lugha ili lieleweke. Inapendekezwa, basi, kwamba kila picha ya jengo la namna hii iambatane na maelezo ya Kiswahili yenye mambo sita: jina la jengo na la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, mwaka wa ujenzi na wa kila badiliko linalojulikana, msanifu au bruda aliyelichora, mafundi waliolijenga, kwa majina yao na kwa ridhaa yao, vifaa vilivyotumika, na maneno ambayo jumuiya yenyewe hutumia kwa sehemu za jengo, bila kuyabadilisha ili yafanane na kamusi. Chini yake iandikwe tarehe na saa ya kupiga picha.

Mwanafunzi atakayekwenda Lituhi na kamera hataweza kufanya kazi nzuri ya nje adhuhuri ya Oktoba. Saa hizo zina matumizi mengine: kukaa kivulini na wazee, kuwaonyesha picha za asubuhi, na kuandika wanachosema wanapoziona. Alasiri, mwanga unaporudi kutoka ziwani, atakuwa anajua anachokipiga picha. Kazi hiyo haifai kuachwa hadi safari ijayo. Mafundi walikwisha kusema kwamba zege halilali.